Kipekecho cha Mpera

Jumapili iliyopita binti yangu alileta nyumbani kidude cha betri cha kutoa povu kwenye maziwa. Ni kijiti cha plastiki chenye kizunguko cha waya mwishoni. Ukikibonyeza kinalia kama mbu aliyenaswa kwenye chupa. Alikitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa ya moto, kikalia kidogo, na maziwa yakaumuka hadi ukingoni. Akayamimina juu ya kahawa yake, akapiga picha, akanywa. Kazi yote haikuchukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu.

Sina ugomvi na kidude kile. Nilikifungua baadaye nikaona kilivyoundwa, nikakifunga tena, na bado kinafanya kazi. Kilichonishika ni mlio wake. Ulikuwa mwembamba, wa namna moja, usiobadilika, na masikio yangu yalikuwa yakisubiri mlio mwingine: mzito, wa kwenda na kurudi, kama mtu anayefagia uwanja wenye changarawe kwa fagio la chelewa. Huo ndio mlio wa maziwa yanayotolewa povu kwa viganja viwili. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Mbezi, lakini kwa muda ule nilikuwa Yombo, kwenye nyumba yetu yenye ua wa mabati, na Mama amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa.

Wale mliokulia kwenye nyumba zinazopika mlenda mnakijua kipekecho. Ni kijiti chenye urefu wa mkono, na mwishoni kina matawi mafupi yaliyotawanyika kama vidole vya kuku. Unakishika katikati ya viganja na kukizungusha mbele na nyuma, kama mtu anayesugua mikono kwa baridi. Kwa watu wengi ni chombo cha mboga. Kwa Mama kilikuwa pia chombo cha kahawa.

Mama alizaliwa Mbinga, kwenye milima ya kahawa, na kabla ya kuolewa alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni. Masista hao walipenda kahawa yao iwe na maziwa yenye povu juu, na walikuwa na chombo cha waya cha kuyachapia. Mama alirudi kwao na hamu ya kahawa ile, lakini bila chombo cha waya. Akatumia kilichokuwepo. Alipoolewa na kuja Dar es Salaam alikuja na ujuzi huo, na Baba, ambaye alikuwa Mmakonde mchonga vinyago, akamchongea kipekecho chake mwenyewe kutoka tawi la mpera.

Tulikuwa na vipekecho viwili, basi. Cha mboga kilikaa kwenye kapu pamoja na miiko. Cha maziwa kilining'inia peke yake kwenye msumari karibu na dirisha. Mama hakutaka kiguswe na mkono wenye mafuta. Mara moja nilikichukua nikakorogea uji wa karanga wa wanasesere wangu, na hiyo ndiyo siku pekee ninayoikumbuka ambayo Mama alinichapa kwa ajili ya chombo.

Kahawa ya povu ilikuwa ya Jumapili, baada ya misa. Buni ililetwa na jamaa waliokuja na mabasi ya kusini, imefungwa kwenye mfuko wa unga. Mama aliikaanga kwenye kikaango cha chuma mpaka ua wote ukanuka, akaitwanga, akaichekecha, akaichemsha kwenye birika na kuiacha itulie. Maziwa tulichukua kwa mzee mmoja wa Buza aliyefuga ng'ombe nyuma ya nyumba yake. Mama aliyachemsha, akaondoa utando wa juu, kisha akayaacha mpaka kidole kiweze kuvumilia. Hapo ndipo aliposhusha kipekecho kutoka msumarini. Povu lake lilikuwa dogo dogo, zito, linang'aa kidogo, na ukilichota kwa kijiko lilikaa kwenye kijiko bila kumwagika. Aliliweka juu ya kila kikombe, na sisi watoto tulipewa povu na maziwa, kahawa tukionjeshwa tu.

Majirani waliona ni kituko. Mtaani kwetu kahawa ilikuwa ile chungu, inayonywewa barazani kwa vikombe vidogo, pamoja na kashata. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Mama Mwajuma, Mzaramo mwenye sauti ya kufika barabarani, alichungulia juu ya mabati mara ya kwanza akasema, "Mama Neema, nyie mnakunywa sabuni?"

"Karibu uoge tumbo," Mama alimjibu.

Tangu siku hiyo kahawa yetu iliitwa sabuni. Alikuwa akiuliza, "Leo sabuni ipo?" na kama ipo anapitisha kikombe chake juu ya mabati. Neema ni mimi.

Sasa nieleze habari ya mkono wa Baba. Baba alikuwa anachonga mpingo chini ya kibanda cha makuti pembeni ya ua. Alikaa chini, gogo amelibana kwa nyayo, mkono wa kulia una nyundo ya mti na wa kushoto una patasi. Mwaka ule alikuwa ameanza gogo kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona, refu kunipita mimi, na alikuwa ametoa nyuso mbili kwa juu, mwanamke na mtoto mgongoni mwake. Wengine, alisema, bado wamo ndani wanasubiri. Aliongea nao kwa kilugha alipodhani hatumsikii.

Asubuhi moja hakuweza kuinuka. Kiharusi kilimpata upande wa kushoto. Walimpeleka hospitali, akakaa huko, na aliporudi mdomo wake ulikuwa umenyooka na mguu ulikuwa unamtii, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Vidole vilikunjika nusu, vikaishia hapo.

Watu walikuja kutupa pole, na karibu kila mmoja alisema afadhali ni wa kushoto. Baba aliwaitikia. Walipoondoka alimwambia Mama, "Hawajui. Wa kulia unapiga tu. Wa kushoto ndio unaoona."

Hospitali walimwambia aufanyishe mkono kazi. Walimpa mpira laini wa kuminya. Aliuminya kwa muda, akawa anausahau juu ya meza, na mwishowe ukawa mpira wa wadogo zangu.

Baba mdogo, Valentino, alikuja kila wiki kutoka Manzese. Alikuwa mdogo wake Baba, naye mchongaji, na kazi yote alifundishwa na Baba. Alikuwa mtu mwema, mwenye masihara, lakini alikuwa na wasiwasi na lile gogo, na wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Mpingo ulioanzwa ukiachwa unapasuka. Kila alipokuja alilimwagia maji gunia lililofunika gogo, akapapasa kichwani kwa wale watu wawili, akasema, "Braza, ufa ukianza hapa hatuwezi kuuzuia. Niachie nimalize. Jina litabaki lako."

Mara ya kwanza Baba alimwuliza habari za Manzese. Mara ya pili alisema, "Labda."

Mama ndiye aliyesema, "Shemeji, subiri mvua zipite."

Haikupita muda kahawa ikawa ya kila siku. Sisi watoto tulifurahi, hatukuuliza. Mama akaanza kulalamika mabega. Alikuwa mwanamke wa kubeba ndoo mbili kutoka bombani bila kusema kitu, lakini sasa mabega hayakumruhusu kupekecha maziwa. Asubuhi moja aliweka sufuria ya maziwa mbele ya Baba kwenye mkeka, akampa kipekecho.

"Nipekechee."

"Kwa mkono upi?"

"Kipekecho hakitaki mkono upi. Kinataka yote."

Ni kweli, na nimefikiri sana juu ya ukweli huo. Hakuna kazi nyingine jikoni inayodai viganja viwili viwe sawa namna ile. Kimoja kikienda kwa nguvu na kingine kikilegea, kijiti kinaruka. Siku ya kwanza kiliruka kikamwaga maziwa kwenye suruali ya Baba. Siku zilizofuata kiliruka kidogo kidogo. Kiganja cha kulia kilitangulia, cha kushoto kilifuata kama mtoto anayevutwa kwenda shule. Mama alimimina yale maziwa matupu, yasiyo na hata tone la povu, juu ya kahawa, akanywa. Hakusema ni mazuri na hakusema ni mabaya. Aliuliza tu habari nyingine.

Siku moja Baba mdogo alimkuta kwenye mkeka na kipekecho mkononi.

"Kaka, ndio umeajiriwa huku?" alisema. "Shemeji, anakupikia na ugali?"

Alikuwa anatania. Wao walitaniana hivyo tangu utoto. Lakini Baba aliweka kipekecho chini, na kesho yake hakukigusa, wala siku iliyofuata. Mama hakumbembeleza. Alimletea kahawa yenye maziwa yaliyomiminwa tu kutoka sufuriani, na utando wake juu. Baba alionja, akautoa utando kwa kidole.

"Hii kahawa imelala," alisema.

"Imelala, eeh," Mama alisema. "Haina wa kuiamsha."

Baba alinyoosha mkono. Mama akampa kipekecho bila kumtazama.

Baada ya hapo hakuacha tena. Sikumbuki ni lini hasa mlio ulibadilika, ila nakumbuka kulala kitandani asubuhi nikisikia kule kwenda na kurudi kumekuwa kwa urefu mmoja, na nikajua bila kuambiwa. Povu lilianza kuja. Kwanza lilikuwa la mapovu makubwa ya kupasuka, halafu likawa dogo, halafu likafanana na la Mama. Mama Mwajuma alionja kikombe alichopitishiwa juu ya mabati, akapaza sauti, "Baba Neema, sabuni ya leo imekukubali!" Wanawake wengine wawili wa mtaani walikuja kuona mwanaume anayetoa povu. Baba aliwaeleza, kwa uzito wa mwalimu, kwamba maziwa yakiwa ya moto sana hayakubali, na yakipoa hayakubali. Alikuwa anafurahi. Alianza kuvaa shati lenye kola asubuhi.

Ndani ya kibanda gunia lilikauka juu ya gogo, na siku hizo aliyelimwagia maji alikuwa Baba mdogo peke yake.

Ikaja asubuhi ambayo povu lilikataa. Baba alipekecha kama kawaida, mlio ukiwa sawa, kwenda na kurudi, na povu likapanda kidogo, likasimama, likafa. Mapovu makubwa yalipasuka moja moja juu ya maziwa. Alipumzika, akaanza upya. Hali ikawa ile ile. Nilimwona akigeuza kiganja cha kushoto na kukitazama.

"Umerudi nyuma," alisema.

Mama alikichukua kipekecho, akakinusa, akaweka ncha yake kwenye ulimi. "Nazi," alisema. "Hiki kimepikiwa nazi. Mama Mwajuma alikiazima jana, ana wageni, kunde zake zilihitaji kupekechwa. Mafuta yameingia kwenye mti. Povu haliwezi kukaa na mafuta."

"Na wewe ukampa."

"Ningemnyima jirani?"

Baba alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Usinitafutie sababu, Mama Neema. Mkono ni wangu, naujua mwenyewe. Ulikuwa unaazima nguvu, sasa imekwisha." Akanigeukia. "Neema, nenda kamwite baba yako mdogo. Mwambie aje na mkokoteni. Gogo ni lake."

Nilimtazama Mama. Nilitegemea akatae kama alivyokataa zamani. Alikuwa anamimina yale maziwa kwenye vikombe.

"Nenda," aliniambia.

Nilikwenda Manzese kwa basi nikilia njia nzima, na watu waliniuliza nani amefariki. Niliporudi na Baba mdogo na mkokoteni wake, jua lilikuwa limefika utosini. Baba alikuwa amekaa pembeni ya kibanda, nje ya kivuli chake, kama mgeni kwenye kazi yake. Baba mdogo alianza kufunua gunia.

"Shemeji," Mama alisema kutoka mlangoni, "kabla hujapakia. Kipekecho changu kimeharibika na nazi. Nichongee kingine, ndio malipo yangu ya kutunza gogo lako."

"Hicho tu? Dakika moja." Baba mdogo aliangaza macho, akaenda uani, akakata tawi la mwarobaini lililokuwa limeinamia mabati yetu, lenye matawi madogo manne yaliyokaa vizuri kuzunguka shina. Alirudi nalo akianza kulimenya.

Baba alinyanyua kichwa. "Valentino. Hiyo ni nini?"

"Kipekecho."

"Ni mwarobaini."

"Mti ni mti, kaka."

"Unataka watu wangu wanywe dawa ya homa kila asubuhi? Unaweza kuloweka hicho kijiti mpaka Pasaka, uchungu hautoki." Sauti yake ilipanda. "Nani alikufundisha kazi wewe?"

"Wewe."

"Basi nimekufundisha vibaya. Neema, panda mpera. Tafuta tawi lililogawanyika sehemu moja, siyo panda ya mbili, vitawi vitoke pamoja kama vidole. Lisiwe na vidonda."

Nilipanda. Mama alichukua kapu, akasema anakwenda gengeni kutafuta nyanya, akatoka. Nilimwona kutoka juu ya mti akipita langoni, na nilimchukia kidogo. Baba yangu anatoa gogo lake na Mama anawaza nyanya.

Nilileta matawi matatu. Baba aliyakataa mawili. La tatu alilizungusha kwenye vidole vya kulia, akamwambia Baba mdogo, "Nipe kisu." Baba mdogo alitaka kulichukua tawi ili amenye yeye. "Acha," Baba alisema.

Alikaa chini. Alibana mwisho wa tawi kwa nyayo mbili kama alivyokuwa akibana mpingo, akaweka mkono wa kushoto juu ya shina. Vidole vilikunjika nusu, vikasita, halafu vikashika. Akaanza kumenya gamba kwa kisu kuelekea kwake. Kisu kilikwama, kikachomoka, kikakwama. Mara mbili tawi lilimponyoka na Baba mdogo akainama kuliokota, na mara zote mbili Baba aliliokota mwenyewe kwanza. Jasho lilimtoka. Alikata matawi madogo yote yakawa na urefu wa kidole gumba, akayachonga ncha zikawa za mviringo. Kwenye moja alikata zaidi, likabaki fupi kuliko mengine. Alilitukana kwa kilugha. Baba mdogo, ambaye mwanzoni alikuwa amesimama, alikuwa sasa amekaa juu ya mkokoteni wake, na mikono yake ilikuwa inajikunja na kujikunjua bila yeye kujua, kama anachonga naye.

Alimalizia kwa kipande cha chupa, akakwangua mpaka shina likawa laini. Kilikuwa kipekecho kibaya. Kilikuwa kimepinda, na kile kidole kifupi kilikifanya kionekane kama kuku aliyekanyagwa. Baba alikigeuza geuza, akaniambia nikioshe kwa maji ya moto na nichemshe maziwa.

Mama alikuwa bado hajarudi. Nilichemsha mwenyewe, nikaondoa utando, nikatumbukiza kidole mpaka kikavumilia. Baba alikaa kwenye mkeka. Akaweka kijiti kati ya viganja, akavuta pumzi, akaanza. Mlio ulikuwa tofauti kidogo kwa sababu ya kile kidole kifupi, ulikuwa na kigugumizi ndani yake. Tuliinama sote watatu juu ya sufuria. Povu lilipanda taratibu, dogo, zito, likafika nusu ya sufuria na kukaa hapo. Nililichota kwa kijiko na halikuanguka.

Baba mdogo alilitazama lile povu, akamtazama kaka yake. "Kweli ilikuwa nazi," alisema.

Baba alikuwa hatazami sufuria. Alikuwa anatazama maganda ya mpera yaliyotapakaa kibandani, na kisu katikati yake.

"Valentino," alisema, "lile gunia lifunike tena. Na ulilowanishe."

Mama aliingia wakati huo na kapu lake. Alituona, akaona sufuria, akaona mkokoteni mtupu. "Kahawa iko wapi?" aliuliza. "Au mtakunywa povu tupu?"

Gogo lile Baba alilimaliza baada ya muda mrefu sana. Alianza na vitu vidogo, miiko na vipekecho vya mtaa mzima, kabla hajathubutu kuligusa. Liko kwangu sasa, na ukilitazama utaona mahali kiharusi kilipopita: watu wa juu ni laini kama ngozi, wa chini wana alama za patasi ambazo mkono wake haukuweza kuzifuta, na yeye aliwakataza wengine kuzisugua kwa msasa. Wageni wanaokuja kwangu huweka mkono kwanza kwa wale wa chini. Sijui kwa nini.

Mama Mwajuma alilipa kwa kunde zake. Baba alimwita Mama Nazi tangu siku ile, na kwa muda alikuwa akimsalimia kwa ufupi, salamu bila kusimama. Mama Mwajuma alikuwa akijifunika mdomo kwa kanga kila alipoitwa jina hilo, nasi tuliamini ni aibu.

Tulipomzika Baba, nikiwa tayari na watoto wangu, Mama Mwajuma alikaa matanga nasi mpaka mwisho. Alikuwa mzee, sauti imepungua, lakini hakuacha masihara. Alasiri moja tulikuwa tumekaa mkekani wawili tukichambua mchele, Mama amelala chumbani, na mimi nikamwambia kwa kutania kwamba marehemu amekwenda bila kumsamehe ile kesi ya nazi.

"Mie sijawahi kushika kipekecho cha mama yako," alisema. "Nani angekishika? Ungemwomba jicho lake angekupa, siyo kile kijiti."

Nikaacha kuchambua.

"Alikuja kwangu siku moja kabla," alisema. "Akaniambia, 'Jirani, kesho nitakusingizia jambo, unisamehe mapema.' Nikamwambia, 'Lipi?' Akasema, 'Bado sijajipa moyo wa kulisema.' Nikamsamehe. Halafu akaniomba tui."

Nilikaa na maneno hayo mkononi pamoja na mchele. Mambo niliyoyaona kwa macho yangu ya utoto yalikuwa yanajipanga upya, moja baada ya jingine. Mama aliona jambo ambalo sisi tuliokuwa tunafurahia povu hatukuliona: kwamba Baba alikuwa ameanza kutosheka. Alikuwa na shati la kola, wanawake wa kumsifu, na kazi ya asubuhi ambayo mkono wake uliiweza. Angeweza kuishi hivyo mpaka mwisho, mtu mwenye furaha anayetoa povu, na nyuma yake gogo linapasuka. Maziwa yalikuwa yamefikisha mkono ule mahali ambapo maziwa yanaweza kuufikisha. Zaidi ya hapo palihitajika kisu, na kisu asingekishika kwa kuombwa. Hivyo akamnyang'anya chombo alichokuwa amempa.

Mimi nimesoma mengi peke yangu maishani, vitabu vya kuokota na vya kununua, na nimezoea kufikiri kwamba jambo likieleweka basi limekwisha. Hili sijalimaliza. Kwa maana angeweza kukosea. Baba alisema wazi kwamba mkono umekwisha, alimwita ndugu yake, mkokoteni ulifika mlangoni. Kilichobaki kati ya mume wake na kukata tamaa kilikuwa tawi la mwarobaini lililokatwa na shemeji yake, jambo ambalo hakulipanga na hakuweza kulipanga. Kama Baba mdogo angekata mpera, angechonga yeye.

Nilimwuliza Mama Mwajuma kwa nini basi, siku yenyewe, Mama alimwacha na kwenda gengeni.

"Genge gani?" alisema. "Nyanya zile nilimpa mimi, asirudi na kapu tupu. Alikuwa jikoni kwangu. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi, pale pale kwenye meno yake, wala hasikii, ameuma pembe ya kanga. Kwenye mabati yangu kulikuwa na tundu. Mie ndiye niliyechungulia. Nikamwambia kashika kisu. Nikamwambia tawi limemponyoka. Nikamwambia limemponyoka tena, Mama Neema, inuka uende, ni mumeo yule."

Alipepeta mchele mara moja, akapuliza makapi.

"Akaniambia, 'Siwezi. Nikienda nitamsaidia.'"